Rejista ya Chanjo za Simu

Gichovi alistaafu kazi ya afisa wa mifugo akiwa na miaka sitini kamili, na kwa mwaka mzima hakuna aliyembishia hodi. Huu ni ukatili ambao watu hawausemi. Mtu amechanja ng'ombe miaka thelathini na mmoja, kutoka Kianjokoma hadi ukingoni mwa msitu, ameingiza mkono mahali ambapo wewe hungeingiza hata fimbo, na watu wamemwita Daktari ingawa chuoni alikaa miaka miwili tu. Kisha siku moja anapewa blanketi na saa ya ukutani, na kuanzia Jumatatu ng'ombe akiugua anaitwa mwingine mwenye pikipiki. Gichovi alibaki na ng'ombe wake mmoja, mkewe Igoki, na simu aliyotumiwa na binti yao Ruguru, nesi kule Ujerumani, ambaye hupiga kila Jumapili kwa dakika nne hivi.

Ni katika dakika nne za Jumapili moja ndipo mambo yalipoanza. Gichovi alilalamika kwamba simu inamsumbua, kila mara inaomba apdeti. Ruguru akamwambia akubali tu. Apdeti ni chanjo ya simu, akasema, usipochanja itaingiwa na wadudu, na kampuni yenyewe huchanja bure kwa miaka minne halafu inaacha. Kisha akaaga.

Mwambie mwalimu maneno hayo, ataitikia kwa kichwa. Mwambie mkulima, atayasahau kabla ya kukamua. Lakini kumtajia Gichovi chanjo ni kumrudisha kazini. Asubuhi yake alishuka sokoni akanunua rejista ya jalada gumu na chupa mbili za rangi ya kucha, ya buluu na nyekundu. Igoki alipotaka kujua rangi hizo ni za nani, alijibiwa kwamba ni za serikali.

Alhamisi akaanza kuzunguka boma kwa boma. Simu zilitolewa nje zikapangwa juu ya meza, naye akazikagua moja moja, mbele na nyuma. Aliingia kwenye mipangilio, akatafuta tarehe ya apdeti ya mwisho ya usalama, akaandika: "Simu nyeusi, ina ufa pembe ya kushoto. Mwenyewe: Ciku wa Njura. Chanjo ya mwisho: mwezi jana. Tabia: mpole." Iliyochanjwa ilipakwa nukta ya buluu mgongoni. Ile ambayo kampuni ilikuwa imeacha kuichanja ilipakwa nukta nyekundu, na mwenyewe akapewa pole.

Nukta nyekundu haikuwa mchezo. Simu kama hiyo ilikuwa karantini. Haikuruhusiwa kulala chumba kimoja na simu nzima wala kutumia chaja moja nayo. Jumapili, kwa kuwa kanisani simu hukutana kama ng'ombe mnadani, nyekundu zote ziliachwa ndani ya kreti ya soda karibu na lango, zikazungushiwa kamba hatua tatu kila upande. Ndani ya kamba aliingia mtu mmoja tu, Karwirwa, mwimbishaji wa kwaya, kwa sababu simu yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupakwa nyekundu na Gichovi aliona huyo hana tena cha kupoteza.

Cha ajabu ni kwamba watu walitii. Walikuwa wamemtii miaka thelathini na mmoja, na mazoea ni mazoea. Njura, mume wa Ciku, alihamishia simu yake yenye nukta nyekundu stoo ya mahindi. Mbaka, ambaye huenda Laare kununua miraa, aliomba kibali cha kusafirisha simu moja nyeupe yenye nukta nyekundu, akaandikiwa, akatiwa sahihi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikisoma kibali hicho mara mbili, akauliza kama simu imepitishwa kwenye josho la dawa ya kupe. Mbaka akasema imepitishwa, akaachiliwa.

Na Gichovi alinenepa. Alikunywa chai katika maboma saba kwa siku, na watu walimngoja langoni wakimwita Daktari kama zamani. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, kuhitajika, na alijua kabisa kwamba likimtoka safari hii halitarudi.

Miezi mitano Karwirwa alivumilia. Mwezi wa sita alienda mjini Embu kwa fundi wa simu, akarudi na swali, na akaliweka mpaka Jumapili, watu wakiwa wametoka ibadani na kusimama kando ya kamba wakingoja simu zao.

"Daktari, na yako uliiangalia lini?"

Gichovi alisema yake haina haja. Ruguru aliinunua mpya dukani miaka miwili iliyopita, kampuni inatoa miaka minne, kwa hivyo imebaki na miwili. Watu wakaitikia kwa vichwa, hesabu ilikuwa safi.

"Fundi ameniambia miaka haihesabiwi kutoka siku ulinunua," Karwirwa akasema. "Inahesabiwa kutoka siku hiyo aina ya simu ilizaliwa. Sasa yako ikinunuliwa ilikuwa na miaka mingapi?"

Gichovi hakuwahi maishani mwake kununua mtamba bila kumfungua mdomo na kuhesabu meno, na hapa alikuwa ameletewa simu akaipokea hivyo hivyo, mdomo umefungwa. Aliitoa mfukoni. Aliingia kwenye mipangilio. Chanjo ya mwisho ilikuwa ile aliyoambiwa na Ruguru aikubali, miezi sita iliyopita. Aina hiyo ilikuwa imekaa sokoni zaidi ya miaka miwili kabla ya Ruguru kuiona.

Angeweza kudanganya. Hakuna mwingine pale aliyejua kusoma tarehe hiyo, na alilifikiria jambo hilo vizuri, akiwa amesimama na simu mkononi. Kisha akatoa chupa nyekundu kwenye koti, akaipaka simu yake nukta, akampitishia Karwirwa, aliyekuwa ndani, juu ya kamba. Karwirwa akaiweka kwenye kreti. Mke wa mchungaji alifuta machozi.

Haikukaa hata dakika mbili, ikaita. Alikuwa Ruguru, kwa video. Gichovi hakusogea. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Ikabidi Karwirwa apokee, asimame katikati ya uzio, na kuinyoosha simu kumwelekea.

"Baba, mbona umesimama huko mbali?"

"Iko karantini. Chanjo zimeisha."

Ruguru akacheka. Baba yake akamweleza yote, rejista, rangi, kreti, kibali cha Mbaka, na kadiri alivyoeleza ndivyo kicheko kilivyopungua mpaka kikaisha. Akamwambia polepole kwamba simu haiambukizwi na jirani yake. Kampuni imeacha tu kuziba mashimo ambayo wezi wa mitandao hupitia. Bado itapiga, bado itapokea, ila asiweke mambo ya benki humo, asifungue ujumbe asioujua, na akijaliwa apate nyingine.

"Chanjo ilikuwa mfano tu, baba. Nani alikuambia mambo ya karantini?"

"Ni wewe uliniambia ni chanjo."

Aibu ilimpanda Gichovi hadi masikioni. Nyuma yake Mbaka alikuwa ametoa kibali chake, anakiangalia. Hakuna aliyecheka, na hiyo ilimwuma zaidi.

"Siku ile nilikuwa naingia kazini," Ruguru akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Nilitaka tu kumaliza. Leo naingia jioni. Uliza chochote, nitakujibu."

Karwirwa akaivuka kamba, akamwekea simu mkononi. Gichovi akaketi kwenye ngazi za kanisa, akafungua rejista ukurasa mpya. Aliuliza simu mpya hupewa miaka mingapi, akaambiwa nyingine miwili, nyingine hata saba, inategemea kampuni. Akaandika. Aliuliza mtu atajuaje siku simu ilipozaliwa. Akaandika. Watu walichukua simu zao wakaenda nyumbani kula, mchungaji akafunga mlango, Igoki akatangulia. Maswali yalipomwishia, Gichovi akarudia lile la kwanza, naye Ruguru akalijibu upya kana kwamba hajawahi kuulizwa.