Kisukumio Kisichojua Pa Kusimama

Niling'oa plagi ukutani. Kompyuta ikazimika, na binti yangu mgongoni akapiga makofi, maana kwake kila kinachozimwa ni mchezo.

Mwalimu aligeuka, mkono bado uko kwenye kipanya. "Wewe mama, una wazimu?"

"Bado, mwalimu. Lakini nakaribia."

Chuoni kwetu, hapa Kisii mjini, tunajifunza kuchora mashine kwa kompyuta. Mimi nilichora ya kukatia ng'ombe nepia, yale majani marefu ya malisho, kwa sababu kule nyumbani Magwagwa mama mkwe wangu bado anakata kwa panga, na binti yangu anaiga kila kitu nyanya yake anachofanya. Mashine yangu ina mdomo mrefu, visu mwishoni, na kisukumio, yaani ubao wenye mpini wa kusukumia majani ili mkono usiende huko ndani. Karakana ya chuo ingeiunda kutoka kwenye mchoro, ionyeshwe siku ya wageni wa chuo, kisha niipeleke nyumbani.

Sasa, vipande kwenye programu havina adabu. Usipokiambia kisukumio kianzie wapi na kiishie wapi, kinateleza mpaka kwenye visu, kinavipita katikati, kinatokea upande wa pili bila mkwaruzo. Kompyuta haioni aibu. Kwa hiyo nilikiwekea kikomo: kisimame shubiri moja kabla ya visu. Hapo kwenye kikomo ndipo fundi angechomelea kizuizi cha chuma.

Basi kabla sijang'oa plagi, mwalimu alikivuta kisukumio kwenye skrini, kikaenda, kikasimama. Akavuta tena. Kikasimama palepale.

"Hii kitu yako imekwama."

"Haijakwama, mwalimu. Imefika."

"Mgeni akivuta aone imekwama, atasema hatujui kazi."

"Mgeni akiingiza mkono je?"

"Madam, mgeni haingizi mkono kwenye kompyuta."

Darasa likacheka. Akakifuta kikomo changu, hivyo tu, kama mtu anayefuta jasho. Akavuta. Kisukumio kikapenya visu vyote kama mzimu anayewahi mazishi.

"Mnaona? Sasa inateleza kama mrenda!"

Wakapiga makofi. Watu wazima, wengine wana nyumba zao za mabati na wake zao, wanashangilia chuma kikipita ndani ya chuma.

Makofi yalimwamsha binti yangu. Akanivuta nywele: "Baba! Baba!"

"Huyo anamtaka babake," mwalimu akasema. "Mpeleke. Hapa tunafunza wahandisi, si chekechea."

Hapo walicheka mpaka viti vikalia, naye akatabasamu akidhani wanacheka utani wake. Ni mtu wa mbali, ametufundisha muda mrefu, na hajawahi kuuliza. Kwa Kigusii, baba ni mama. Mtoto alikuwa ananiita mimi, na mimi nilikuwa hapo hapo, nimembeba. Hakuna aliyemwambia. Hata mimi sikumwambia, kwa hasira.

Kisha akasema, "Nachapisha, karatasi ziende karakana leo," na kidole kikaelekea kwenye kitufe. Jina langu liko kwenye ule mchoro. Mkono utakaoingia mdomoni mwa ile mashine naujua, ni mdogo, huwa naukata kucha kila Jumapili. Plagi ilikuwa karibu na mguu wangu.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kulalamika; karani aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndara. "Unalalamikia mwalimu ama kompyuta?"

"Kompyuta ilinisikia."

Akanisukumia karatasi. Niliandika nikiwa nimesimama, mtoto akinyonya kofia ya kalamu:

*MINTARAFU: KISUKUMIO CHANGU*

*Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji wa mitambo. Nalalamika kwamba mwalimu alifuta kikomo cha kisukumio bila kuuliza ni cha nini, kama alivyomfukuza binti yangu bila kuuliza anasema nini. Naomba kikomo kirudishwe kabla chuma hakijakatwa. Ikiwa haiwezekani, jina langu lifutwe kwenye mchoro, la mwalimu liandikwe, na siku ya wageni yeye mwenyewe asukume nepia, kwa mkono anaoandikia. Plagi niliing'oa mimi. Soketi haikuharibika. Na mtoto hakuwa anamtafuta babake.*