Niliyemhesabu Bibi

Nilikuwa darasa la nne, nikiishi na bibi mzaa mama huko Mnero, nilipojua kwamba mwili wa mzee hauhesabiwi. Bibi alikuwa na vinundu vidogo vyeusi mashavuni, vingi kama mbegu za mchicha, na miguuni madoa meupe kana kwamba amenyunyiziwa unga. Kwetu walisema mtoto akihesabu alama za mzee, anamhesabia siku zake. Ukifika mwisho, naye amefika mwisho.

Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Darasani nilijua majibu lakini sikunyoosha mkono. Labda ndiyo maana nilipenda kuhesabu: unaweza kuhesabu bila kufungua mdomo. Kila jioni nilimpaka bibi mafuta miguuni, na kila jioni nilihesabu.

"Mke mwenzangu," aliniambia siku moja, "mbona vidole vyako vinasimamasimama?"

"Nakupaka vizuri, bibi."

"Au unanihesabu? Unataka nife nikuachie mume? Umechelewa, alishakufa!"

Akacheka mpaka akakohoa.

Msimu wa korosho bibi alibangua za kuuza. Alizikaanga kwenye bati lenye matundu, kisha akazigonga kwa jiwe, akiwa peku katikati ya maganda. Yale maganda yana mafuta yanayounguza, na mikono na nyayo za wabanguaji wote huwa na weusi. Msimu ukiisha, ngozi inabanduka na weusi unaondoka. Kwa hiyo nilipoona doa jeusi chini ya kisigino chake, dogo kama punje ya choroko, bibi alisema, "Korosho hiyo." Mama mdogo naye akasema ni korosho. Hata mimi niliamini.

Msimu ukaisha. Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia. Mikono yake ikatakata, doa likabaki. Likawa kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, ukingo wake umepindapinda, upande mmoja mweusi tii na mwingine wa kahawia. Nilijua ni jipya kwa sababu nilikuwa nimeshazihesabu alama zote kabla halijatokea. Lakini kulisema ni kukiri kwamba nilihesabu. Nikanyamaza hadi mikorosho ilipochanua tena, na doa likaanza kutoa maji.

Siku moja tulikwenda zahanati, bibi, mama mdogo na mimi. Bibi alitaka dawa ya kikohozi tu. Nesi akauliza kama kuna tatizo jingine.

"Hakuna, mwanangu," bibi akasema.

"Kisigino," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa, nikaogopa mwenyewe. "Ana doa. Halikuwepo. Lilikuwa dogo, sasa limekua."

Bibi akanigeukia polepole. "Umejuaje halikuwepo?"

"Nilikuhesabu, bibi."

Mama mdogo akanizaba kofi mbele ya watu wote. Nesi hakumtazama. Aliinama, akasema, "Bibi, vua kandambili nione."

Hospitalini daktari alimgusa usoni na miguuni. Vinundu, uzee tu. Madoa meupe, uzee tu. Alipofika kisiginoni hakusema tena uzee. Alisema ni saratani ya ngozi, kwamba sisi watu weusi mara nyingi hutupata kwenye nyayo, ambako hakuna anayetazama. Wakakata sehemu kubwa ya kisigino.

Bibi aliporudi nyumbani akitembelea gongo, sikuthubutu kumsogelea na mafuta. Ni yeye aliyeniita. Akanyoosha miguu yote miwili, mmoja una bandeji.

"Hesabu, mke mwenzangu. Kwa sauti, wasikie."

Nikahesabu kwa sauti. Mama mdogo akatoka uani, hakurudi mpaka tulipomaliza.

Misimu miwili baadaye ugonjwa ulirudi kwenye tezi za kinenani, na bibi akafa. Kwenye matanga nilionyeshwa kwa kidole: "Huyo ndiye aliyemhesabu." Hadi leo wapo ndugu wasiopokea chakula mkononi mwangu. Nawasalimia kwa heshima. Lakini sijawahi kuomba msamaha kwa kuhesabu, wala sitaomba. Nilipaswa kuomba msamaha kwa jambo jingine, kwa miezi ile niliyonyamaza na doa bado dogo, na huyo wa kumwomba hayupo.

Sasa nimeolewa Ruangwa. Vinundu vya bibi vimeanza kunitoka mashavuni. Juzi nilikuwa nimekaa mkekani nikinyonyesha, na binti yangu wa miaka mitano alikuwa ananihesabu kwa kidole. Jirani akapita.

"Mama Zawadi, mkanye mtoto! Anakuhesabia siku."

Mimi ambaye hata kwenye kikao cha wazazi sisemi, nilimjibu, "Mwache ahesabu."

Zawadi alipomaliza uso na mikono, nikamnyooshea miguu, nyayo zikimtazama, asije akaziruka.