Hapa Tunapima Kila Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Ruiri saa mbili asubuhi nikiwa na sanduku la vyuma na koti la mvua. Nilidhani nimeitwa kutengeneza kipaza sauti cha kanisa. Nikakuta wanaume watano wazima wamesimama kwenye nyasi wakiombolezea ndege iliyoanguka, na ndege yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno kutoka mjini Meru, mtu mrefu asiyecheka. Tulimwita Daktari hata kwa mambo yasiyohusu meno.

"Wewe ndiye yule fundi wa redio wa pale stendi?"

"Ndiye mimi."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne, Daktari. Lakini tangu nianze kazi hakuna redio imeniuliza."

Hakucheka. Alinieleza kwamba ndege iliacha kusikia rimoti ikiwa juu, na kila mtu pale alisema ni betri. Nikamuuliza ni wapi hawajagusa. Akasema hawajagusa risiva, kile kisanduku kidogo ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti, kwa sababu ilikuwa mpya. Nikaifungua hiyo kwanza. Waya wa antena ulikuwa umekatika ndani ya plastiki, mahali jicho halifiki.

Wewe kijana unayesoma haya, shika hilo. Mteja akikwambia "hapa sijagusa", fungua hapo kwanza. Kwa kanuni hiyo moja nimesomesha watoto wanne mpaka mahali mimi sikufika. Kanuni hiyo hiyo imenifanya nisimwamini mtu haraka, na sijawahi kuomba msamaha kwa hilo.

Tangu siku hiyo nikawa fundi wa chama chao cha kurusha ndege za kuchezea. Wiki nzima nilikuwa kwa kibanda changu cha redio, Jumamosi nilikuwa uwanjani. Watu walinicheka, wakasema Baba Kendi amezeeka anarudi kuchezea vitu vya watoto. Wacha niwaambie kazi ilivyokuwa. Ndege hizi hazirushwi hivi hivi. Zinapimwa. Kupima ndilo lilikuwa neno letu kubwa, na lilikuwa na kazi tatu ndani yake. Kwanza unapima mzani: unaibeba ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, ikiinamia mkia hairuki, itakuaibisha. Halafu unapima masafa: mwenzako anashika ndege, wewe unarudi nyuma hatua thelathini ukizihesabu kwa sauti, rimoti mkononi, ukiangalia kama usukani bado unakusikia. Mwisho unapima upepo kwa kitambaa kilichofungwa kwa kijiti. Asiyepima hakurusha, hata awe nani. Niliwahi kumnyima Daktari mwenyewe ruhusa, na alitii.

Ruiri tulikaa miaka mingi. Kuna upepo mkali unaoshuka kutoka mlimani, na ng'ombe wa watu wasioheshimu mpaka. Halafu mwenye shamba akaamua kulima viazi. Macho ya Daktari nayo yalikuwa yameanza kufifia, hakuona tena ndege ikifika mbali. Alinivuta kando akanipa funguo za sanduku la betri.

"Nakuachia chama," akasema.

"Mimi? Kuna walimu hapa, Daktari. Kuna mtu wa benki."

"Hao wanaamini kila kitu. Wewe huamini hata upepo. Ndege zitakaa salama."

Ndivyo mtu wa darasa la nne alivyokuwa mwenyekiti. Kwa kuwa wanachama wengi wakati huo walitoka Embu, tulihamia Gachoka, kule Mbeere, kwa shamba kavu la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiishi mjini. Miti ni michache, ardhi imelala vizuri. Lakini mimi ni Mmeru. Kimbeere nakisikia nusu, na ile nusu nisiyosikia ndiyo hunisumbua. Wenyeji waliniita mtu wa miraa, nami nikawaita watu wa muguka, ile miraa yao ya majani, tukacheka, lakini kila mtu alicheka akimwangalia mwenzake.

Katibu wangu alikuwa Mwalimu Njeru, mwalimu wa fizikia, anakaa mtaa wa Dallas pale Embu. Mtu safi, kalamu mbili mfukoni. Ndiye alijua kuandika barua, na kwa sababu hiyo nilimchunga. Mtu akikuandikia barua usiyoweza kuisoma vizuri, huwezi kujua umetia sahihi kitu gani.

Ndipo zikaja sheria. Zamani tuliruka bila kuuliza mtu. Sasa kwa ajili ya hizi droni, kila kitu kinachoenda juu kikawa cha kushukiwa. Ilibidi kila ndege iwe na namba yake ubavuni, isipite futi mia nne, isiruke juu ya vichwa vya watu wala karibu na uwanja wa ndege kubwa. Ilibidi tupate barua ya mwenye shamba na barua ya chifu. Nilikwenda ofisini mwenyewe, sikumtuma Mwalimu. Afisa wa leseni alikuwa mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba.

"Mzee, hii yenu ni droni?"

"Ni ndege."

"Kwa fomu, ndege ni ile inabeba watu."

"Basi andika ndege isiyobeba mtu."

"Hiyo ndiyo droni, mzee."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini na ruhusa ya miezi sita mfukoni. Alikuwa amenipa masharti mawili. Tuweke vigingi vya kuonyesha mstari ambao ndege hazivuki, na tuweke kibao cha kuwaonya wananchi. Wasipolalamika kwa miezi hiyo sita, tungepewa ruhusa kamili. Wakilalamika, chama kimekwisha, kwa sababu hakuna shamba lingine tungepata.

Vigingi nilichonga kumi na viwili, nikavipaka rangi nyekundu na nyeupe. Kibao niliandika kwa mkono wangu. Mwalimu alikuja akasimama nyuma yangu brashi ikiwa bado mbichi.

"Mwenyekiti, hicho kibao ungeniachia mimi niandike."

"Kwa nini? Herufi zangu zimekukosea nini?"

"Herufi ni nzuri. Ni maneno."

"Mwalimu, Kiswahili nimekijua sokoni wewe bado unanyonya. Leo si darasa."

Nikasimamisha kibao kando ya njia. Kilisema: HATARI. HAPA TUNAPIMA KILA JUMAMOSI. WENYEJI KAENI MBALI.

Jumamosi ya pili tukakuta vigingi vitatu vimeng'olewa na kutupwa kwa mtaro. Jumamosi ya tatu, sita. Nikasema hii ni kazi ya mtu anayetujua, maana sanduku la betri lililokuwa karibu halikuguswa. Kisha nikamwona Mwalimu kwa mkahawa wa Gachoka, ameketi na chifu, wanaongea Kimbeere polepole. Nilipoingia waligeuza maneno kuwa ya mvua. Nilikunywa chai yangu nimesimama.

Wiki mbili baadaye afisa wa leseni akanipigia simu. Kumeletwa malalamiko. Chifu ameita baraza, na tusirushe kitu mpaka yasikizwe. Nikamwomba anisomee. Akasoma: kwamba wanaume wamepanda vigingi kumi na viwili, na kila Jumamosi hufika, hutembea hatua thelathini wakihesabu kwa sauti, mmoja wao akishika mashine, na kuna kitu hupita juu.

Hatua thelathini! Vigingi kumi na viwili! Nani wa nje angejua hesabu zetu namna hiyo? Sikulala na hilo neno. Jumamosi niliwakusanya wanachama kando ya uwanja, ndege zote zikiwa chini.

"Kuna mtu hapa ametuuza," nikasema. "Na ana kalamu mbili."

Mwalimu alicheka kwanza, akidhani ni mzaha wangu. Alipoona hakuna anayecheka naye, uso ukabadilika.

"Mwenyekiti, miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaongea nini na chifu?"

"Ungeniuliza siku ile."

"Nauliza leo. Na rudisha ufunguo wa sanduku la betri."

Aliutoa kwenye mnyororo wake, akauweka juu ya bawa la ndege yake, taratibu, kama anapima mzani. "Nyumba yangu Dallas unaijua," akasema. Akaondoka bila ndege. Hakuna mwanachama aliyemtetea, na mimi nilichukua hiyo kama ushahidi.

Siku ya baraza nilivaa koti. Chifu alikaa kwa meza, watu wakaketi kwa viti vya kanisa, na wengi walikuwa wazee kuliko mimi. Kwanza nikaeleza kwamba sisi ni watu wa amani na tunacheza tu. Nikasikia mtu akisema, "Hata wale wa kwanza walisema hivyo." Kisha akasimama nyanya mmoja, shamba lake linapakana na uwanja, wote wanamwita Cucu Wanja.

"Mzee wa Meru," akasema, "mimi nilisoma kidogo sana. Lakini kile kibao nilikisoma peke yangu, sikusomewa. Unapima nini?"

"Tunapima ndege, Cucu."

"Ndege inapimwa kwa bikoni?"

Watu wakacheka. Bikoni ni zile alama za mpaka ambazo wapimaji wa ardhi hupanda wakikata mashamba.

"Mmepanda bikoni nyekundu na nyeupe," akaendelea. "Mmetembea mkihesabu hatua. Mmeshika mashine. Mmerusha kitu cha kupiga picha. Mkaandika mnapima, na sisi wenyeji tukae mbali. Baba yangu alipoteza upande mzima wa shamba kwa watu waliokuja hivyo hivyo, na wao hata hawakuandika kibao. Mimi nimekaa kwa mpaka wangu kila Jumamosi nikiwahesabu. Na bikoni nilizing'oa mimi, si mtu mwingine. Nishikeni."

Jasho lilinitoka ndani ya koti. Kwa miaka yote hiyo nilisema neno kupima mara mia kwa siku, na sikuwahi kulisikia kwa masikio ya mtu mwenye shamba.

Chifu akakohoa. "Mwalimu Njeru alikuja kwangu mapema," akasema. "Alisikia minong'ono hapa sokoni. Aliniomba nisiandikie ofisi mpaka abadilishe kibao bila kumwaibisha mwenyekiti wake. Nilimpa wiki mbili, zikaisha kibao ni kile kile, nikaandika. Halafu nikasikia ametolewa kwa chama."

Kanuni yangu, unaikumbuka. Nilikuwa nimefungua kila mtu: nimemfungua afisa, nimemfungua chifu, nimemfungua Mwalimu mbele ya wenzake. Kibao sikukifungua, kwa sababu nilikiandika mimi.

Nilimwomba chifu wiki moja, na nilimwomba Cucu Wanja aniambie anachotaka. Alisema atafikiri. Kutoka pale nikaenda Dallas moja kwa moja. Mwalimu alifungua lango mwenyewe, hakusogea kunipisha.

"Umekuja kuchukua ufunguo gani tena?"

"Nimekuja kuomba mwandiko."

Mimi si mtu wa maneno ya pole, sikufundishwa. Nilitoa ufunguo wake mfukoni nikamshikia, na mkono ukakaa hewani kama wa mtu anayeuza kitu kisichotakiwa.

"Ulinifukuza mbele ya watu," akasema.

"Nitakurudisha mbele ya watu. Na nitasema ni kwa nini."

"Utasema neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Hata lile la kunyonya."

Hapo ndipo alicheka kidogo na kusogea. Jumamosi iliyofuata nilisema yote, pale pale kando ya uwanja, na Cucu Wanja akiwa kwa mpaka wake akisikiliza. Lilikuwa jambo gumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono. Kisha nikajiuzulu uenyekiti, nikampendekeza Mwalimu. Kibao kipya kiko kwa mwandiko wake: TUNARUSHA NDEGE ZA KUCHEZEA. HATUPIMI SHAMBA LA MTU. KARIBUNI MTAZAME KUTOKA HAPA. Mambo ya kupima mzani na masafa sasa tunayaita kujaribu. Ulimi wangu bado unateleza.

Cucu Wanja alitoa sharti moja. Vigingi vipandwe mbele yake na ving'olewe mbele yake, kila siku ya kuruka, na yeye avihesabu. Chifu akaliandika, na mama wa miwani ofisini akalikubali, akatupa ruhusa kamili. Nilimsikia akisema hajawahi kuona sharti kama hilo kwa fomu.

Sasa nimestaafu. Kibanda cha redio nilifunga, hakuna tena anayetengeneza redio. Jumamosi nabebwa na Mwalimu mpaka Gachoka, nakaa kwa kiti, wananiletea ndege nizibebe kwa vidole viwili. Vijana huniuliza ni nini kikubwa nilichojifunza, wakitarajia niwaambie kitu cha umeme. Nawaambia bado simwamini mtu haraka. Ila siku hizi naanza kwa mimi.

Juzi, jioni, wamemaliza kuruka, Cucu Wanja alihesabu vigingi akiwa amesimama na mkongojo wake.

"Kumi na moja," akasema.

"Haiwezekani, Cucu," Mwalimu akamwambia. "Labda umeruka kimoja."

"Kumi na moja, Mwalimu. Hakuna mtu anaenda nyumbani."

Wanachama wakaniangalia mimi, wakidhani nitamtetea mwenyekiti. Niliinuka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye nyasi na haya magoti yangu mabovu, nikaanza kupapasa. Mtu wa benki naye akapiga magoti. Kisha Mwalimu. Tulikipata karibu na mtaro, kimelala chini ya majani makavu. Nikampelekea mwenyewe.

Alikigeuza, akaangalia rangi, akakiweka pamoja na vingine.

"Kumi na mbili," akasema. "Sasa nendeni, mtu wa miraa."

"Hesabu tena, Cucu," nikamwambia.

Akahesabu tena.