Mashine ya Mkanda na Gitaa la Pili

Nilipoamua kununua mashine ya kupigia santuri, nilijua ninachokitaka kuliko wote walionishauri. Nina duka la vifaa vya ujenzi Kabuku, na kazi hiyo imenifundisha kwamba anayeuliza maswali mengi kabla ya kulipa hurudi mara chache kulalamika. Kwa hiyo niliuliza. Mume wangu alisema nimeuliza zaidi ya siku aliyokuja kunichumbia, nami nikamwambia siku ile sikuwa na haja, nilikuwa nimeshaona.

Jambo lenyewe lilianza na Baba. Ujanani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, tambarare ya Korogwe. Mchana alikuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa ya kuchuna majani ya mkonge, na mwisho wa juma alipiga gitaa kwenye bendi ya shamba. Halikuwa lile gitaa la kwanza linaloimba juu na kuwafanya akina dada wageuze shingo. Alipiga gitaa la pili, lile linalokaa katikati na kuushika wimbo usimwagike. Mtu asiyeambiwa halisikii, ila likinyamaza hata mlevi anajua kuna kitu kimepungua.

Bendi hiyo ilikwenda mjini mara moja kurekodi. Zikatoka nyimbo mbili, upande huu na upande ule wa santuri ndogo. Baba alipewa moja, na sisi watoto tulikua tukijua kwamba baba yetu yumo mle ndani. Shuleni nilijivunia jambo hilo kuliko wenzangu waliokuwa na baiskeli. Gramafoni ya nyumbani iliharibika nikiwa bado mdogo, santuri ikabaki kabatini. Lakini wimbo sikuusahau, kwa sababu Baba alikuwa akiupiga barazani na gitaa lake la zamani, sehemu yake tu, bila mwimbaji wala tarumbeta.

Miaka mingi baadaye mdogo wangu, anayepiga muziki kwenye maharusi, aliazima kimashine cha plastiki, akaicheza ile santuri na kuuhamishia wimbo kwenye flashi. Tukaenda nao Mpale, kule mlimani Baba alikorudi kulima maharage na tangawizi baada ya kustaafu. Tukawasha. Mwimbaji alisikika, tarumbeta zikasikika, na vingine vyote vilikuwa kama mvua kwenye bati. Gitaa la pili halikuwepo kabisa. Baba alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru mdogo wangu, akainuka kwenda kumhamisha mbuzi kamba. Nilimtazama anavyoteremka shambani, nikasema moyoni kwamba hili haliishii hapa. Kabla ya kuondoka nikamwomba ile santuri. Akanipa, akanionya kwamba imechakaa kama yeye.

Mdogo wangu alikuwa na ushauri wake. Alitaka ninunue mashine ambayo mota yake iko moja kwa moja chini ya sahani inayobeba santuri, kama zile wanazotumia wapiga disko. Alisema ina nguvu, inashika mwendo papo hapo, na haina mkanda wa kulegea. Nikamjibu kwamba mkanda ukilegea nitaubadilisha, hilo halinitishi. Mimi nimekulia karibu na korona. Nimemwona Baba akiweka mkono juu ya mashine na kusema mota inatetemeka, na akituonyesha kwamba mkanda ukiwa mzuri mtetemo mwingi unaishia njiani. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mashine za santuri za mkanda zinafuata njia hiyohiyo. Mota inakaa pembeni, mkanda wa mpira unaizungusha sahani nzito, na sindano inabaki na wimbo peke yake. Nilitaka ukimya chini ya muziki, kwa sababu humo ndimo gitaa la pili linamokaa.

Nilikwenda Dar es Salaam na santuri yangu imefungwa kwenye kanga. Duka la kwanza walinionyesha mashine yenye taa za rangi, inayonyanyua mkono wake wa sindano yenyewe. Nilimwomba muuzaji aipige santuri yangu. Mvua ileile kwenye bati. Nikaifunga kanga yangu, nikamshukuru.

Mtu wa pili hakuwa na duka. Alikuwa mwanamume wa makamo anayeagiza mashine hizi kutoka nje na kuziuza sebuleni kwake. Kabla ya yote aliisafisha santuri kwa brashi laini na maji maalumu, taratibu, na hapo nikaanza kumwamini. Alikuwa na mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ya aina aliyoipenda mdogo wangu. Ngoma zilikuja zimesimama vizuri, nakubali, lakini kwenye masikio yangu kulikuwa na mngurumo mwembamba chini yake, kama lori lililoachwa linawaka mbali. Ya pili ilikuwa ya mkanda, nzuri ya kutazama, mbao zimepakwa vanishi hadi unajiona, sahani ya kioo. Alipoteremsha sindano, baada ya maneno ya kwanza ya mwimbaji, nikalisikia. Gitaa la pili, chini ya sauti yake, linatembea. Niliweka mkono kinywani. Nilikuwa sijalisikia kwenye santuri ile tangu utotoni.

Muuzaji akaniona, akatabasamu, akadhani biashara imekwisha. Lakini mimi naishi Kabuku, nikamuuliza swali la Kabuku.

"Umeme kwangu unakatika," nikamwambia. "Nikiwasha jenereta, wimbo utabaki hivi?"

Akaniambia ukweli, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Mota ya mashine ile nzuri inafuata mapigo ya umeme wenyewe, na jenereta ikiyumba, inayumba nayo. Nikamwomba tujaribu. Alikuwa na jenereta nyuma ya nyumba, akaiwasha, tukarudia wimbo. Mwimbaji alikuwa amezeeka ghafla. Sauti ilishuka, ikapanda, ikashuka tena.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina urembo wowote. Nayo ilikuwa ya mkanda, sahani yake ya aluminiamu nzito kiasi kwamba nilitumia mikono miwili kuinyanyua, na mota yake ina kifaa chake cha kusawazisha mwendo, haijali umeme unatoka wapi. Kubadilisha mwendo kwa santuri ndogo unanyanyua sahani na kuuhamisha mkanda kwa kidole. Mkono unaunyanyua mwenyewe, unaurudisha mwenyewe. Tukaicheza kwa jenereta. Gitaa la pili likaja, limetulia, na safari hii niliweza kusikia hata kidole kinavyoteleza juu ya waya. Nikasikia pia kwamba mpigaji anawahi kidogo kila anaporudi mwanzo, kama mtu mwenye haraka. Nikajiambia, ujana wa Baba huo.

Muuzaji alijaribu mara ya mwisho kunirudisha kwenye ile ya kioo. Alisema wageni wakiingia sebuleni wataisifu.

"Wageni wangu watasikiliza," nikamwambia. "Nifungie hii nyeusi."

Nyumbani kulikuwa na kazi nyingine. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu, na lori la mzigo likipita kwenye tuta sakafu inapokea salamu. Siku ya kwanza niliiweka mashine juu ya kabati, lori likapita, sindano ikaruka kama panzi. Mume wangu alidhani nimepoteza fedha. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilichagua ukuta wa ndani, ule usiotazamana na barabara, nikamwita fundi wangu wa siku zote akafunga rafu ya mninga kwa boliti ndefu, mbali na spika. Pimamaji niliichukua dukani kwangu, nikaikalisha juu ya sahani na kurekebisha miguu ya mashine moja baada ya nyingine hadi povu likasimama katikati. Malori yakapita. Sindano haikutikisika. Mume wangu akaleta kiti.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikwenda Mpale kumchukua Baba. Baba alifika mchana, na koti lake la baridi ambalo huku bondeni halina kazi. Nikampa shikamoo, nikampa maji, nikamwacha ale kwanza. Kisha nikamkalisha mbele ya spika, lile sikio lake linalosikia vizuri likiwa upande wa muziki, nikaiweka santuri.

Nilikuwa namtazama usoni. Tarumbeta zilipoingia alitikisa kichwa. Mwimbaji alipoanza alilitaja jina lake kwa sauti ndogo. Halafu gitaa la pili likaingia, na nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinajikunja juu ya goti, vinatafuta waya. Vikacheza kidogo. Vikasimama. Akasikiliza hadi mwisho bila kuvisogeza tena.

"Baba, umejisikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia vizuri sana," akasema. "Lakini huyo si mimi."

Nilidhani masikio yake yamemchanganya. Nikamwambia ni wimbo uleule aliokuwa akitupigia barazani, naujua kila kona yake. Akasema wimbo ndio, mkono sio. Akaniomba nirudie, akaniinulia kidole pale mpigaji anaporudi mwanzo.

"Unasikia anavyowahi? Mimi pale nilikuwa napumzika. Yeye hapumziki."

Ndipo akaeleza. Bendi ilipokwenda mjini kurekodi, yeye alikuwa na malaria. Alifika na wenzake hadi mlangoni, hakuweza kusimama, akalala kwenye benchi nje. Gitaa lake likashikwa na rafiki yake, aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye korona na ambaye Baba mwenyewe alimfundisha. Nyimbo zote mbili alizipiga huyo. Rafiki huyo alifariki zamani, kabla mimi sijamaliza shule.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo.

"Mlikuwa mnafurahi," akasema. "Mlikuwa mnawaambia watoto wenzenu baba yenu yumo kwenye santuri. Na gitaa lilikuwa langu, si uongo mtupu."

Sitasema sikuumia. Niliinuka nikaenda jikoni, nikawasha jiko la gesi ambalo sikuwa na cha kupika juu yake. Nilikuwa nimemtafuta mtu mle ndani, nikamchagulia mashine kwa sikio, na nikamkuta mwingine. Lakini nikiwa nimesimama pale niliona jambo, na lilinirudisha sebuleni haraka. Kwenye kile kimashine cha plastiki asingekuwepo mtu yeyote, si Baba wala rafiki yake. Mashine yangu ilimleta mtu waziwazi kiasi cha baba yangu kumtambua kwa mkono wake. Nilichagua sawasawa. Aliyekosea ni mimi, juu ya nani anapiga, na hilo si kosa la mashine.

Nilipokaa Baba alikuwa akimzungumzia rafiki yake kama mtu aliyeachana naye jana. Alikuwa mcheshi, alikuwa hapendi kungoja chakula kipoe, alimwoa binti wa Kizigua kutoka Kwamsisi ambaye wazazi wake hawakutaka mpiga gitaa. Nikamuuliza mke yuko wapi. Akasema yupo Korogwe mjini kwa mwanawe, walikutana msibani mwaka uliopita.

"Amewahi kuusikia wimbo huu?"

"Kwenye nini?" akauliza Baba.

Nilimpigia mwanawe simu jioni hiyohiyo, na kesho yake mume wangu akamleta yule mjane. Alikuwa bibi mwembamba, kavaa kanga mpya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Yeye na Baba walisalimiana kwa muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake ya nyumbani, na wakaelewana. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu, lakini nikamweleza tena ili asishtuke, kwamba atakayemsikia chini ya sauti ya mwimbaji ni mumewe. Akasema niweke.

Alisikiliza akiwa ameinamia mbele, viwiko juu ya magoti. Sikuona chozi. Pale mpigaji aliporudi mwanzo kwa haraka yake, bibi alicheka kwa pumzi, akamgeukia Baba.

"Hata huku anakimbia," akasema. "Nilimwambia maisha yake yote, mume wangu, wangoje wenzako."

Baba akasema naye alimwambia, sana. Wakacheka wote wawili, kisha bibi akafuta macho kwa upindo wa kanga na kuomba nirudie. Nilirudia. Nikageuza upande wa pili, nao tukausikiliza, kisha tukarudia wa kwanza kwa sababu ndio alioutaka. Lori lilipita barabarani, halikumfanya lolote mpigaji wetu.

Tulipokunywa chai bibi aliniuliza kama santuri inaisha kwa kuchezwa. Nikamwambia ikitunzwa na sindano ikiwa nzuri, itatuzika sote. Akafikiri. Akasema ana wajukuu wengi Korogwe, wengine hawajui kama babu yao aliwahi kushika kitu zaidi ya panga, na akauliza kama nyumba yangu itawatosha siku wakija.

Nikamwambia awalete wote, wasiopata viti watakaa mkekani.