Maji ya Robine Kisimani

Kisima cha nyanya yangu kilikuwa uani kwetu Uvira, na majivuno yake juu ya kisima hicho hayakuwa na kipimo. Kila bibi-arusi wa mtaa wetu alikuja kwake asubuhi ya arusi yake, akateka ndoo moja, nyanya akamnyunyizia na kumwombea uzazi. Ziwa lilikuwa pale pale, ndiyo, lakini kwa nyanya maji ya ziwa yalikuwa ya samaki na ya kufulia.

Miaka hiyo ya hamsini muji ulinenepa. Wazungu wakachimba shimo refu, wakafunga pompe ya kuvuta maji, na bustani zao zikawa mbichi kiangazi kizima. Sisi tukapewa robine moja, bomba la kufungua na kufunga kwa mkono, kwa mtaa mzima. Visima vyetu vikaanza kushuka. Karani aliyetumwa kutazama alisema maji ya chini hayaishi, ila tuache kuteka ovyo, tunaisumbua pompe. Sisi, na vindoo vyetu! Baba akamshukuru, akampa kahawa. Kahawa ile inaniuma mpaka leo.

Baba akachimba. Jirani akachimba zaidi. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba anamvutia maji kwa dawa. Pompe haikushukiwa na muntu. Ilikuwa imepakwa rangi nzuri mno.

Ikafika arusi ya kaka yangu, na kisima kikabaki tope.

“Muke wa mujukuu wangu atateka wapi?” nyanya akauliza, akakataa kula.

Baba akapata akili. Alasiri ya kuamkia arusi, nyanya alipokwenda kwa jirani, sisi wanawake tulibeba maji ya robine, tukayamwaga kisimani. Mwaga, mwaga, shingo zikatuuma. Baba akachungulia, akacheka: “Iko maji! Iko mingi!”

Asubuhi bibi-arusi akateremsha ndoo. Ikagonga mchanga. Maji yote yalikuwa yamerudi chini, na nadhani pompe iliyavuta mara ya pili, muzungu akamwagilia maua yake.

Nyanya akanigeukia. “Weye, mulifanya nini?”

Nikamwambia. Hakugomba. Akachukua ndoo mkononi mwa bibi-arusi, akaenda robineni. Wanawake waliopanga mustari, karibu wote aliwahi kuwanyunyizia, wakampisha. Heri wangemsukuma! Nilitaka kulia kwa aibu. Nyanya akafungua, ndoo ikajaa, maji yakamwagikia miguu yake, naye akabaki amesimama tu, kwa sababu hakujua robine inafungwaje.