Mbolea ya Kukuzia

Mume wangu alikwenda semina ya kilimo mjini Njombe, akarudi profesa. Kwetu Uwemba, mbolea inayowekwa mahindi yakifika magotini tunaiita mbolea ya kukuzia, na kila mtu huimaliza yote siku hiyo hiyo. Yeye aliigawa. Nusu aliiweka mapema, nusu akaisubirisha mpaka mahindi yakakaribia kutoa mbelewele. Majirani waliopita njiani wakamwuliza tangu lini wazee wanalishwa uji wa mtoto.

Niseme ukweli, alipatia. Mahindi yakipata chakula hicho kwa kuchelewa, hukipeleka zaidi kwenye punje, na protini ya punje huongezeka. Tulivuna mahindi magumu, yanang'aa. Mwenye mashine kule Makambako alitafuna punje moja, akashika shavu.

"Kaka, haya ni mawe! Yatatoa sembe safi."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa haikaliki.

Mtoto wetu wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya. Uji wake nilikuwa nautia maziwa, na mchana nampondea maharage. Bwana Protini akanikataza.

"Mama, mbolea ile inaitwaje?"

"Ya kukuzia."

"Basi, imeshamo humo kwenye uji. Maziwa peleka sokoni."

Nami, mke mwema niliyefundwa nikafundika, nikatii. Mtoto alishiba uji mpaka tumbo likawa ngoma, lakini mikono ilikonda, na akaacha hata kugombana na kuku. Mama mkwe akasema ni meno. Kwa mama mkwe kila kitu ni meno. Kliniki uzito ulikuwa umeshuka. Niliogopa, tena niliogopa sana.

Jumapili baada ya misa nilimkamata bibi shamba, yule yule aliyefundisha semina, nikamsimamisha mume wangu mbele yake. Bibi shamba alisikiliza akicheka. Alipomwangalia mtoto mgongoni mwangu, akaacha kucheka.

"Baba, protini imeongezeka, sikatai. Lakini hiyo ya mwishoni nyingi ni ile inayofanya punje iwe ngumu. Imepungukiwa na vitu anavyohitaji mtoto ili akue, na vitu hivyo viko kwenye maharage na maziwa. Nilieleza yote haya siku ile ya semina, mchana."

Mchana! Mchana profesa alikuwa ameshapanda gari kwenda Makambako kuulizia bei ya mahindi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni ameinama, anaponda maharage, macho mekundu. Alisema ni moshi. Mke mwema angenyamaza.

"Baba, na hii mbolea ya kukuzia mtoto, inawekwa lini?"

Hakuinua uso.

"Kila siku," akasema, akaendelea kuponda.