Samaki wa Kumpokea Mpima Maji

Nilitumwa Mzenga kwa sababu ya bwawa. Wanakijiji walikuwa wameanza kunyunyizia pamba dawa ya wadudu kwenye mteremko ulio juu yake, na mkuu wangu wa kazi pale Kibaha alitaka kujua kama dawa ile inashuka kwenye maji wanayokunywa. Nikatanguliza barua, kama utaratibu ulivyotaka: nitafika Alhamisi.

Alfajiri ya Alhamisi nilipanda Landrova ya idara na sanduku langu la chupa. Hadi Kisarawe mambo yalikuwa shwari. Tulipokaribia Mzenga, mvua ilikuwa imeila barabara, dereva akagoma. Nikajitwika sanduku nikatembea, nikilaani kila kilima.

Saa sita mchana nilifika bwawani, kabla sijaonana na mtu. Maji yalikuwa meupe kama tui jepesi, vyura wamelala chali ukingoni, na ndege mla samaki amekufa kando yao. Nikainama kunusa. Dawa! Tena nyingi mno, si ya kuletwa na mvua tu. Nilijaza chupa.

Kijijini nilipokelewa kwa vigelegele. Mwenyekiti, Mzee Shomari, akanikalisha mkekani.

"Shikamoo, mzee. Nani ametia kitu bwawani?"

"Marahaba. Ah, vijana wamevua kwa utupa tu, majani yetu ya kulewesha samaki tangu enzi za mababu. Kula kwanza, mwanangu, maneno baadaye."

Sufuria ikafunuliwa: perege wa nazi. Uani, kina mama na watoto walikuwa wameizunguka sufuria nyingine, kubwa zaidi, wakinitazama. Kwao mgeni ndiye huonja kwanza. Kabla hajameza hakuna anayegusa chakula. Nami, jamani, haya ilinizidi nguvu. Nilimega tonge la ugali, nikachovya.

Lakini nilikumbuka maji yale meupe, nikalirudisha sahanini. "Siwezi, mzee."

Uso ukamkunjamana. "Yaani mtu wa serikali anatuona sisi wachafu?"

"Utupa haugeuzi maji kuwa meupe. Semeni ukweli, watoto wale wanangoja kula!"

Bi Mwanahawa, mke wa mwenyekiti aliyekuwa akipakua, akaitupa pawa chini.

"Utupa upi, baba Zena? Si mliufyeka wote mlipofungua shamba la pamba? Mmetia dawa ya pamba ya stoo! Mkaniletea nipike!"

Mzee Shomari alishika kichwa. "Tuliona ni mamoja, samaki watalewa tu. Barua ilikuja, kitoweo hatuna. Tumpe mgeni ugali mkavu?"

Hasira zilinipanda, kisha zikaniishia zote. Bi Mwanahawa alikwishatoka mbio, akaipindua sufuria ya watoto mchangani. Tulichimba shimo tukawafukia samaki wote, watoto wakilia njaa. Niliwauliza mmoja mmoja kama kuna aliyeonja. Hakuna. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Ijumaa asubuhi nilianza safari ya kurudi. Bi Mwanahawa alinisindikiza, ndoo tupu kichwani, maana sasa maji yalikuwa ya kufuata kisima cha mbali.

"Bwawani tutachota tena lini?" aliuliza.

Mimi ninayejifanya kujua kila kitu nilisema, "Sijui, mama."

Aliiweka ndoo vizuri kichwani.

"Basi ukija tena, mwanangu," akasema, "usituarifu. Njoo tu."